Mwaka wa Karata za Bi Verna

Espérance alizikwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne, kusini mwa Louisville, chini ya mawingu mazito yaliyotishia mvua asubuhi nzima na hayakutoa hata tone. Nilikuwa nimetoka Buffalo siku iliyotangulia, nikaendesha gari mpaka Columbus, nikalala hapo katika hoteli ya kando ya barabara, kwa kuwa siku hizi mgongo wangu haukubali safari ya saa nane kwa mkupuo mmoja. Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwake Beechmont. Viatu vilijaa mlangoni hadi vikamwagika kwenye ngazi, na ndani akina mama wa Kikongo walikuwa wameliteka jiko: fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, wali, ndizi, na sufuria ya maharage ambayo hakuna aliyejua nani ameileta. Nilipewa kiti karibu na dirisha na sahani iliyojaa kupita njaa yangu. Mama mmoja mnene, mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, alinikagua kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Njo wewe dada wa makarata?"

"Samahani, mama?"

"Wa Columbus. Espérance alituelezea, mara mingi. Mulikuwa munafanya kazi kwa ule bibi muzungu, mwenye macho ya kufa. Halafu pale mulikuwa munaishi wakawafukuza wote wawili siku moja, na nguo zenu mu mifuko ya takataka. Ah, mulipata mateso, mama."

Wanawake wenzake wakaguna kwa huruma. Mmoja akaniongezea samaki. Neema, binti wa pekee wa Espérance, alikuwa akipita na sinia la vikombe. Akanitabasamia kama mtu anayemjua ndugu yake baada ya kumsikia kwa miaka. Nami nilikaa na tonge la fufu mkononi, nisijue nilipeleke kinywani au nilirudishe sahanini, kwa sababu mambo hayakwenda hivyo. Aliyefukuzwa ni Espérance peke yake. Mimi nilibaki ndani ya nyumba, na mlango ulipofungwa nilikuwa upande wenye joto.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi kutoka Kenya, na nilipanga chumba Gahanna, nje kidogo ya Columbus, kwa Mama Wambui. Yeye alikuwa muuguzi, mwanamke mwenye mkono wazi na sauti ya kuamrisha, na nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka tulinyamaza katikati ya sentensi, tukasubiri, tukaendelea. Nililala chumba cha chini, kile kilichozama nusu ardhini, pamoja na Espérance. Yeye alikuwa amenizidi miaka saba au minane. Alitoka Bukavu, akapita nchi mbili na kambi moja kabla ya kuletwa Marekani, na vitanda vyetu vilitenganishwa na mashine ya kufulia ambayo ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kila Jumamosi alasiri Mama Wambui alikusanya Wakenya wa mtaa kwa maombi. Tulikaanga mandazi na kupika chai ya maziwa katika sufuria kubwa, na mimi na Espérance tulikaa nyuma, karibu na ngazi, tukiimba nyimbo zilezile kwa maneno tofauti kidogo.

Espérance alikuwa akimtunza mwanamke mzee huko Clintonville, kaskazini mwa mji, siku nne kwa wiki. Siku moja alirudi akaniambia, "Wakesho, bibi yangu anatafuta mutu wa kumuonea."

"Kumwonea nini?"

"Sijui. Anasema anatafuta macho. Wewe uko na masomo, unajua Kingereza ya mingi. Njoo, donc, utasikia mwenyewe."

Bibi huyo, Bi Verna, alikuwa amefundisha uchongaji wa mbao za kuchapia kwa maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mrefu, amevaa sweta ya mwanamume yenye matundu viwikoni, na nyumba yake ilinuka gundi, tufaha na kitani cha zamani. Ugonjwa ulikuwa umemla kiini cha macho. Kingo za vitu aliziona, lakini kile hasa alichokitazama kilipotea. "Nikikutazama usoni," aliniambia siku ya kwanza, "naona masikio yako na ukuta." Mezani, katika chumba cha kulia chakula chenye dirisha la kaskazini, palikuwa na sanduku la bati na kinasa sauti cha kaseti. Alifungua sanduku akatoa karata sabini na nane, kila moja imelala ndani ya karatasi yake. Zilikuwa za taroti, ambazo wengine huzitumia kupigia ramli, zilizochapwa Ufaransa kwa ubao wa kuchonga, kisha zikatiwa rangi kwa mkono, miaka mingi kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Alitaka nimwelezee kila karata, mstari kwa mstari na rangi kwa rangi, wakati bado alikuwa na kingo za kuona na akili ya kuniuliza maswali. Sauti yangu ingebaki kwenye kaseti, na yeye angesikiliza akiwa kipofu kabisa.

"Niambie unachokiona," alisema. "Usiniambie maana yake. Watu wa maana ni wengi."

Nilikuwa nimekulia mahali ambapo karata ni kamari, na kamari ni dhambi, na taroti sikuwa hata na neno lake. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa na mwanamume aliyesimama nyuma ya meza, na juu ya meza vikombe, kisu, vitu vya mviringo. Nikasema ni mchuuzi sokoni. "Meza ina miguu mingapi?" akauliza. Nikahesabu mara mbili: mitatu. Mguu wa nne haukuwako. Ama ulijificha nje ya fremu, ama mchongaji alisahau. "Kofia je?" Nikasema ni pana, ukingo wake umepinda kulia na kushoto kama nambari nane iliyolazwa. Nusu yake njano, na njano hiyo haikukaa ndani ya mstari. Imemwagikia nje, hewani, kama mtoto aliyepaka rangi kwa haraka. Nikaogopa kusema, nikidhani ni ila. Bi Verna akacheka kwa furaha, akanieleza: mistari myeusi ilitoka kwenye ubao, ubao mmoja kwa karatasi kubwa yenye karata nyingi. Rangi ilipakwa baadaye kwa brashi, juu ya karatasi ngumu iliyotobolewa matundu, karatasi moja kwa nyekundu, nyingine kwa buluu, nyingine kwa njano. Karatasi ikiteleza kidogo, mdomo wa malkia unaangukia kidevuni. Mpakaji wa rangi hajali, ana mamia ya kumaliza kabla ya jua kuzama. "Pale rangi ilipokosea," alisema, "ndipo unapomwona mtu."

Wiki zikapita hivyo. Leo kazi yangu Buffalo ni kutengeneza karatasi za zamani, ramani na vitabu vya makanisa na barua zilizolowa, na wenzangu wachanga wakiniuliza nilijifunzia wapi kutazama, nataja chuo. Ningepaswa kutaja chumba kile. Nilijifunza kwamba nyekundu ya zamani inaweza kuwa na weusi kama damu iliyokauka, na kwamba kijani kwenye karata zile kilikuwa adimu, kimebanwa kwenye majani na mikono ya nguo. Nilijifunza kwamba namba nne ya Kirumi iliandikwa kwa vijiti vinne, na kwamba mchongaji, kwa kuwa alichonga kila kitu kinyumenyume ili kitokee sawa, mara nyingine alijisahau, na herufi N ikatokea imegeuka kinyume. Lakini nilichojifunza zaidi ni kutojua. Nilimweleza Bi Verna mwanamke anayeshika taya za simba, na sikuweza kusema kama anazifungua au anazifunga. Akaniuliza mara tatu, siku tatu tofauti. Mara mbili nikasema anafungua, mara moja anafunga. Akanasa majibu yote na wala hakufuta hata moja.

Majina yaliandikwa chini ya picha kwa Kifaransa, na hapo ndipo Espérance alipoingia. Akimaliza kumlisha Bi Verna na kuosha vyombo alisimama nyuma ya kiti changu akikausha mikono kwa aproni, akasoma kwa sauti, akifasiri. Alimpenda mzee mwenye taa. Alicheka jua lenye uso wa mtu aliyeshiba. Siku moja nilimpa karata ya mnara: kilele chake kimeng'olewa na kitu kama moto, au kama unyoya mkubwa, watu wawili wanaanguka kichwa chini, na hewani vitone vya mviringo vyekundu na buluu na vyeupe, kama mvua ya shanga. Espérance alisoma, akasoma tena.

"Maison Dieu," alisema. "Nyumba ya Mungu."

"Labda umekosea."

"Kifaransa ninasoma, Wakesho. Nyumba ya Mungu, na inapigwa. Hii ni kitu gani?"

Nikamtafsiria Bi Verna. Bi Verna akasema wataalamu wamebishana kuhusu jina hilo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Espérance akavuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi, akaitazama karata ile karibu na dirisha. Alisema kanisa lao lilipigwa wakati watu wamo ndani, na kwamba waliotoka dirishani walianguka hivyo hivyo, mikono mbele. Kisha akaweka kidole chake hewani juu ya vile vitone, bila kugusa. "Ila hizi sikuziona," alisema. "Kwetu kulikuwa moshi tu." Akaamka akaenda kukunja shuka. Bi Verna aliniuliza amesema nini, nikamwambia. Mzee yule alizima kinasa sauti, na siku hiyo hatukuendelea.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo mpaka siku ya maziko sikuwahi kulisema kwa mtu. Majira ya baridi yalikuwa yamenichosha, masomo yalinielemea, na kila wiki niliandika barua ya kusema narudi nyumbani, nikaichana. Bi Verna alilala kidogo kila baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo alikuwa amelala chumbani kwake, na nilimsikia Espérance jikoni akikoroga supu. Nikazipindua karata zote kifudifudi. Nyuma yake zilichapwa nyota ndogondogo, zote sawa. Nikafumba macho, nikauliza kimoyomoyo kama nibaki au nirudi, nikachomoa moja. Ilikuwa karata ya mwanamume aliyetundikwa kwa mguu mmoja. Mikono nyuma, nywele zinaning'inia, mguu wa pili umekunjwa nyuma ya wa kwanza kama anayepumzika, na uso hauna maumivu hata kidogo. Sikuelewa. Kutundikwa ni kubaki, au ni kunyimwa? Nikaigeuza karata juu chini, na mtu huyo akawa anacheza ngoma kwa mguu mmoja. Nilikuwa bado naigeuzageuza niliposikia kijiko kikigonga sahani. Espérance alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alizitazama karata zilizolala kifudifudi, akanitazama mimi.

"Supu inapoa," alisema.

Akaweka sinia pembeni ya karata, akarudi jikoni.

Haikupita muda Mama Wambui akaliona daftari langu. Nilikuwa nachora nyumbani, ili nizoee mistari, na nililisahau juu ya mashine ya kufulia. Alifungua akakuta kiunzi cha mifupa chenye mundu, kile cha karata ya kumi na tatu isiyo na jina, kisha shetani mwenye mabawa ya popo. Jumamosi, wageni walipokwisha kunywa chai, alitubakisha sisi wawili na wanawake wawili wa maombi. Daftari lilikuwa mezani, karibu na bakuli la sukari.

"Wakesho, mimi nimekuchukua kama mtoto wangu," alisema. "Sasa niambie ukweli. This is what you people do huko Clintonville?"

"Ni kazi ya sanaa, Mama. Ni kama makumbusho. Naeleza tu picha."

"Hizo ni karata za uganga. Hata watoto wa hapa wanajua."

"Mwenyewe anasema zilianza kama mchezo. Watu walicheza tu."

"Sikuulizi yeye anasema nini. Nakuuliza wewe. Umewahi kuziuliza kitu?"

Ndege ilikuwa ikishuka. Nilishukuru kelele zile kwa moyo wangu wote, nikatamani ndege isifike chini kamwe. Zilipokwisha, wote walikuwa bado wananingoja, na nikasema, "Hapana, Mama. Hata siku moja."

Akamgeukia Espérance. "Na wewe? Umemwona akifanya hivyo?"

Nilimjua Espérance kama mtu asiyesema uongo hata kwa adabu. Mtu aliyemwambia mchungaji mgeni kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu. Aliangalia mikono yake. "Mama, mimi kazi yangu iko mu jikoni," alisema. "Na mimi njo nilimupeleka kule. Yeye hakukuwa anajua hata mulango."

Hayo yalitosha. Mwanamke mmoja wa maombi alisema aliyefungua mlango ndiye mwenye dhambi kubwa. Mama Wambui hakuwa mtu mbaya, na miaka ya baadaye alinisaidia mambo ambayo mzazi tu ndiye angeyafanya. Nafikiri aliogopa kweli, kwa ajili ya nyumba yake na kwa ajili yangu. Aliamua mimi nibaki, kwa sharti niache kazi ile, na Espérance atafute mahali pengine. Espérance hakubisha. Kesho yake asubuhi alitia nguo zake katika mifuko miwili myeusi ya takataka, kwa kuwa sanduku lake lilikuwa limevunjika kufuli. Nilimwambia nitambebea mpaka kituo cha basi. Akasema, "Bon, bakia. Kuko baridi." Binamu yake alikuwa Louisville, Beechmont, akaenda huko. Nilimwangalia kutoka dirisha la chumba cha chini, ambalo lilikuwa usawa wa majani, hivyo nilichoona ni viatu vyake na mifuko ile miwili ikigusa theluji.

Nilikaa wiki tatu katika utii wangu. Kila siku nilijiambia nitamwambia Mama Wambui, na kila siku chai ilikuwa tamu na chumba kilikuwa na joto. Ndipo nikasikia kwamba Bi Verna ameanguka bafuni, kwa kuwa mtunzaji mpya hakuzoea hatua zake. Nikapanda basi nikaenda. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa, na aliposikia mlango akaita, "Espérance?" Nikasema ni mimi. Akauliza tulikuwa tumefika karata ya ngapi. Nilihamia Clintonville wiki hiyo hiyo, kwa hiari yangu, bila kukiri chochote kwa mtu. Mama Wambui alilia, akanifungia mandazi. Nilimwogesha Bi Verna, nikapika supu kwa njia ya Espérance bila kuipata ladha yake, na alasiri nikaendelea kusema ninachokiona mpaka karata ya sabini na nane. Kufikia kiangazi nilikuwa nimejua kazi ninayoitaka, na yeye ndiye aliyeniandikia barua, kwa imla, kwa watu wa Buffalo waliokubali kunifundisha. Kwa hiyo mwaka ule ulinipa kila kitu nilicho nacho. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nikilitazama moja kwa moja linapotea, nabaki na kingo zake.

Espérance nami hatukuachana. Nilihudhuria harusi yake, nilimbeba Neema akiwa na wiki sita, tulipigiana simu kila Krismasi na mara nyingi katikati. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kutamka. Niliamini kwamba amesahau. Kumbe wakati huo wote alikuwa akiwasimulia majirani zake kisa ambacho ndani yake nilifukuzwa pamoja naye, nikabeba mfuko mmoja na yeye mmoja. Kama alisema hivyo kwa kunisitiri, au kwa aibu ya kuwa aliachwa, au kwa kuwa ndivyo alivyotaka iwe, sasa hakuna wa kumuuliza.

Wageni walipopungua niliingia jikoni. Neema alikuwa peke yake kwenye sinki, mikono ya gauni jeusi ameikunja hadi viwikoni. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha. Aliniambia mama yake alikuwa akisema daima kwamba rafiki wa kweli ni yule mnayefukuzwa naye. Nikaiweka sahani chini.

"Neema, sikufukuzwa," nilisema. "Alifukuzwa mama yako peke yake. Niliulizwa swali nikadanganya, na yeye alijua nimedanganya, akalibeba."

Akazima maji. "Mom alijua?"

"Alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona."

"And she never said anything?"

"Kamwe."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona mama yake wazi usoni mwake, si kwa sura, bali kwa ule utulivu wa kungoja. "Hapa Louisville ndipo alikutana na Dad," alisema polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza. "So mimi... sijui, Tantine. Kwa nini unaniambia leo?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba yule mama pale sebuleni alinipa samaki kwa ajili ya mateso ambayo sikuyapata, na samaki huyo sikuweza kummeza. Neema akafuta macho kwa nyuma ya mkono wenye povu. Kutoka sebuleni mtu aliita kwamba chai imekwisha na wazee wa kanisa ndio kwanza wanaingia.

"Utawaambia na wao?" aliuliza.

"Ukitaka."

Alifikiri, kisha akaninyooshea chupa kubwa ya chai, naye akachukua sinia la vikombe. "Kwanza chai," alisema, akasukuma mlango kwa bega, akaushikilia wazi mpaka nilipopita.